Msomaji wa Barua za Mama

Mgeni alisema atafika saa nane mchana, na hadi saa nne asubuhi Adongo alikuwa bado hajamwambia mama yake kwamba mgeni mwenyewe ni marehemu.

Tangu Jumatano alikuwa akiyazungusha maneno mdomoni bila kuyatoa. Jumatano jioni alijiambia mama amechoka na safari za hospitali. Alhamisi akasema asubiri kwanza plasta ya jicho ibadilishwe. Ijumaa alipata visingizio vitatu kwa mpigo, vyote vizuri. Mwalimu wa darasa la sita, anayewachapa watoto wa watu kwa kosa la kuficha daftari, alikuwa ameficha mtu mzima na mguu wake mbovu. Sasa Jumamosi imefika, naye amekaa anapepeta mchele ambao ameshaupepeta mara mbili.

Mama yake, Ajwang, alikaa kwenye mkeka barazani, mgongo ukutani, jicho la kushoto limezibwa kwa pamba. Alikuwa ametoka kijijini, upande wa Mara, wiki mbili nyuma, kuja kutolewa mtoto wa jicho, na alifikia kwa bintiye hapa Igoma. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na kila gari la kampeni lililopita barabara ya Musoma likipiga muziki, Ajwang aliuliza ni chama gani. Akiambiwa, aliguna. Mguno ulikuwa ule ule kwa vyama vyote.

"Unapika kama tunampokea askofu," alisema. Wakiwa wawili walizungumza Kijaluo. "Kama ni mchumba niambie mapema, nivae gauni lile jingine."

"Si mchumba, Mama."

"Basi ni nani?"

"Utamwona."

"Nitamwona nusu." Ajwang akacheka. "Nusu nyingine utaniambia wewe, kama kawaida yako. Tangu ukiwa mdogo wewe ndiye macho yangu."

Adongo aliinamisha uso kwenye ungo. Kauli ile mama aliisema mara nyingi, mbele ya wageni hata kanisani, na kila alipoisema, Adongo alijisikia vibaya.

* * *

Jumatano mgeni alikuja shuleni wakati wa mapumziko. Mwalimu Revocatus ndiye aliyemwita: kuna mtu pale kwenye mlingoti wa bendera, anasema ni ndugu yako. Adongo alitoka na chaki mkononi. Alimkuta mwanamume wa miaka hamsini hivi, kavaa ovaroli ya bluu yenye madoa ya oili, goti la mguu wa kulia halikunjiki.

"Wewe ni Adongo," alisema yule mtu kwa Kijaluo cha ng'ambo, cha mtu aliyekaa Uganda. "Pacha wa Apiyo."

Apiyo alikufa kabla hajajua kutembea. Mwanza nzima hapakuwa na mtu anayelijua jina lile. Adongo alimtazama usoni, akaona masikio ambayo yeye mwenyewe huyaona kwenye kioo, na shikamoo ikamtoka yenyewe kabla akili haijakubali.

"Marahaba, mwanangu," alisema baba yake, Odoyo, ambaye familia ilimzika mwaka sabini na tisa.

Aliongea kwa utulivu, kama mtu aliyeyarudia maneno yake njia nzima. Yeye ni fundi wa injini za boti. Tangu wenye mitaji waruhusiwe, viwanda vya minofu ya sangara vimeota ufukweni kama uyoga, na kimoja kilikuwa kimemtoa Jinja kuja kutengeneza mashine zake. Amepanga chumba Mkuyuni. Wavuvi wa Kijaluo wamemwambia kuna mwalimu Igoma, binti wa Odoyo aliyekufa vitani.

"Nikawaambia huyo Odoyo nilimfahamu," alisema, bila kucheka.

Kisha akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Adongo hakuhitaji kuikunjua. Mtu hausahau mwandiko wake wa darasa la nne, hasa kama aliandika kitu kimoja tu cha maana mwaka ule.

"Niliandika nyumbani kwamba niko hai," alisema Odoyo. "Hili ndilo jibu nililopata. Usije. Mwandiko ni wa mtoto. Nadhani mama yako alitafuta mtoto wa jirani amwandikie, ili wewe usijue. Kwa hilo namshukuru. Sikuja kudai mke. Ana mume, na mume ni ndugu yangu. Shamba pia silitaki. Nataka tu aniambie kwa kinywa chake kwa nini alinifukuza kwa maneno mafupi namna hii. Miaka kumi na tano nalala na karatasi hii na bado sijaelewa."

Hapo ndipo Adongo angesema. Baba alikuwa amesimama mbele yake, watoto wakicheza mpira wa makaratasi kule uwanjani, hakuna mtu wa tatu. Angesema neno moja. Lakini aliigeuzageuza chaki mkononi, na kengele ikagongwa.

"Mama yuko kwangu," alisema. "Njoo Jumamosi, saa nane."

* * *

Vita vya Kagera vilipoanza, mwishoni mwa mwaka sabini na nane, boma lao lilitoa mgambo wawili: Odoyo na mdogo wake Okomo. Agosti iliyofuata Okomo alirudi peke yake. Alisema alichokiona na hakuongeza kitu. Lori la kaka yake lilipigwa kombora ukingoni mwa kinamasi, ng'ambo ya mpaka. Waliotoka kwenye maji walihesabiwa, na Odoyo hakuwemo.

Maiti haikuwepo, na kwa Wajaluo mtu haachwi akining'inia hivyo, si wa huku wala wa kule. Wazee wakakata yago, lile tunda la mwegea, refu na zito kama mkono wa mtu mzima. Likavishwa shati la Odoyo, wakalilaza kwenye jeneza, wakalilia siku nne, wakalizika mbele ya nyumba yake. Adongo alikuwa na miaka tisa. Alilia sana, na hata leo ukimwuliza hatakuambia kwamba alilia kwa sababu ya tunda. Alimlilia baba yake.

Baada ya mazishi bibi yake, mama wa Odoyo, aliwakalisha wajukuu. Yago likishazikwa, aliwaambia, mwenye jina hapiti tena lango la boma. Akipita, amekuja kutafuta wa kulala mahali pake, maana kaburi limefunguliwa na halitosheki na tunda. Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira huanza na mdogo kuliko wote. Kama ndivyo wazee wote walivyoamini, au bibi aliongeza chumvi, Adongo hakuwa na wa kumwuliza.

Mwaka uliofuata Okomo alimrithi Ajwang, kama desturi ilivyotaka. Alikuwa mtu mwema. Alimwezekea nyumba, akamnunulia Adongo viatu vya shule, na kabla mwaka haujaisha Ajwang alikuwa mjamzito. Nyumba nzima ilitembea kwa kunyata. Alikuwa ameshampoteza Apiyo, na baada yake mtoto wa kiume aliyeishi siku tisa.

Barua ilikuja mwezi wa kumi na moja, kupitia shuleni, kama barua zote za kijiji kile. Mwalimu mkuu alisoma jina mbele ya mstari, na watoto wote wakasikia. Isingewezekana kuficha kwamba imekuja. Adongo aliifungua nyuma ya vyoo. Baba yake alikuwa ameandika kwamba yuko hai. Alilala hospitali ya misheni miezi saba, mguu umepona vibaya. Jeshini anaogopa kurudi wasije wakamwita mtoro, lakini nyumbani atakuja. Niambie nije lini, aliandika.

Fikiria mtoto wa miaka kumi na habari ile mkononi. Furaha ilimpanda mpaka kooni. Alikimbia hatua ishirini akielekea nyumbani, halafu akakumbuka lango, akakumbuka kaburi, akakumbuka tumbo la mama yake. Njia iliyobaki aliitembea kwa saa mbili, na alipofika alikuwa ameshakata shauri.

"Soma," mama alisema. Yeye shule yake ilikuwa ile ya elimu ya watu wazima, jioni tano au sita chini ya taa ya chemli, akajua kuandika jina lake, basi. Kila karatasi iliyoingia nyumba ile ilipitia kinywani mwa Adongo.

Adongo akasoma. Macho yalikuwa kwenye karatasi, mdomo ulikuwa mahali pengine. Alisoma barua ya askari mmoja wa Shinyanga aitwaye Chenge, aliyekuwa na Odoyo vitani, anatoa pole kwa mjane, anasema Odoyo alikuwa mtu shupavu na alikufa bila kuumia. Jina la Chenge alilitoa kwenye kitabu cha hesabu. Mama alilia, akajifuta, akasema mwandikie, mwambie Ajwang anamshukuru na Mungu amrudishe kwao salama.

Mama akasema maneno yake ya shukrani, taratibu, akisubiri mkono wa mtoto. Na mkono wa mtoto ukaandika: Odoyo. Tumekuzika kwa yago. Okomo ameingia nyumbani. Usije, ukija mtoto atakufa. Usiandike tena. Mimi Ajwang.

Nestory alizaliwa Februari, mnene, mwenye sauti kubwa, wala hakufa. Kwa miaka mingi Adongo alimtazama akikimbia uwanjani na kujisifu kimoyomoyo kwamba yeye ndiye aliyemwokoa. Alipokua, alipoingia chuo cha ualimu Butimba na kusoma vitabu vingine, sifa ile ikaanza kuchuja, na kilichobaki chini yake hakikuwa kitu cha kutazama. Akaacha kukitazama. Watu wazima ni hodari sana kwa kazi hiyo.

* * *

Usidhani Jumamosi ile alikuwa hana mpango. Alikuwa nao, na ulikuwa mpango safi. Bibi alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Angesema bibi ndiye aliyemshika mkono, bibi ndiye aliyemwambia andika hivi, soma vile. Nani angekanusha? Ajwang na mkwewe hawakuwahi kuiva chungu kimoja. Angeamini kabla sentensi haijaisha. Odoyo angemlilia mama yake na kumsamehe, maana wafu ni rahisi kuwasamehe. Mtoto wa miaka kumi angetoka pale msafi kama sahani. Na asipofanya hivyo, ama mama atabeba lawama asiyoijua, ama yeye atapoteza pale pale jina la macho ya mama yake, jina ambalo hakuwa na jingine zuri kama hilo.

"Juzi pale hospitali nilikaa na mtu wa Shinyanga," mama alisema ghafla. "Nikamwuliza kama anamjua Chenge."

Kifuniko cha sufuria kilimponyoka Adongo, mvuke ukamuunguza kidole.

"Akasema Shinyanga akina Chenge ni wengi. Nikamwambia huyu ni Chenge mwenye moyo. Bado ninamwombea, unajua? Kila Jumapili, baada yenu watoto."

"Mama," alisema Adongo. Aliweka kifuniko chini. "Kuna jambo."

"Hodi wenyewe," ikaita sauti mlangoni, na Dorotea akaingia na gauni begani. Dorotea alikuwa jirani wa ukuta mmoja, Msukuma, fundi cherehani, mama mpole mwenye futi ya kushonea shingoni asubuhi mpaka jioni. Alikuwa amelipanua gauni la mgonjwa. Alimpima, akamsifu, akamwuliza jicho linaendeleaje. Ajwang akajibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, ambacho sh na z ndani yake zote zilikuwa s, wakacheka pamoja. Saa saba ikapita. Dorotea alipoondoka, Adongo alivuta pumzi, akapiga moyo konde, akafungua kinywa, na hodi ya pili ikapigwa.

Saa saba na nusu. Odoyo alikuwa amewahi.

"Karibu," Ajwang aliitikia kwa mazoea. Akainua uso. Jicho lake moja lilikuwa kwenye jua na halikuona vizuri, lakini masikio yake hayakufanyiwa upasuaji.

"Sema tena," alisema.

"Hodi, Ajwang."

Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono polepole, akachukua fimbo yake, akailaza sakafuni kati yake na mlango wa uani.

"Simama hapo hapo."

"Nimesimama."

"Ninayemjua mwenye sauti hiyo nilimzika."

"Mlizika yago."

"Nililivisha shati mimi mwenyewe. Lile la mistari."

"Shati hilo nililipenda," alisema Odoyo.

Ajwang aliikandamiza fimbo sakafuni. Adongo alipiga magoti kando yake, akamshika bega, akasema ni kweli, Mama, ni yeye, ni mzima, alikuja shuleni. Midomo ya mama ilikuwa inahesabu kitu. Alilitazama paa la bati, akautazama ua wenye vyumba sita vya wapangaji, kamba za nguo, bomba la maji lenye kufuli.

"Hili si boma," alisema mwishoni. "Ni nyumba ya kupanga, ya Msukuma. Lango lake halikujui kwa lolote." Akaivuta fimbo. "Kaa. Lakini pale, kwenye kigoda, usinikaribie kwanza."

Odoyo akakaa, mguu mbovu mbele. Adongo alimletea maji, akayanywa yote. Gari la kampeni lilipita na kelele zake na wote watatu wakalisubiri liishe, wakilishukuru kila mmoja kwa siri yake. Kisha Ajwang akauliza alikuwa wapi, naye akaeleza: kinamasi, hospitali, familia iliyomtunza, kazi ya ufundi, mke wa kule, watoto wawili. Alieleza kwa ufupi. Ajwang alisikiliza akitikisa kichwa, machozi yakimtoka jicho moja.

"Na ulinyamaza," alisema. "Miaka yote hiyo. Mimi nalipelekea maua yago, wewe unakula samaki Jinja."

Uso wa Odoyo ukabadilika. Kile alichokuwa amekibana tangu Jumatano, na tangu kabla ya hapo, kilifunguka.

"Nilinyamaza kwa sababu uliniambia ninyamaze." Akautoa mfuko wa nailoni. "Nimekuja kuuliza hilo tu. Niliandika niko hai. Ukanijibu usije. Hata pole hukuniandikia, Ajwang. Ungeniambia tu unanitaka mbali lakini umefurahi sikufa."

"Mimi sijakuandikia barua."

"Jina lako lipo chini."

"Mtu akiandika Ajwang ndiyo ninakuwa mimi? Sijapata barua yako. Sijakuandikia."

"Niliandika kupitia shule. Ilijibiwa kupitia shule."

"Shuleni ilikuja barua moja tu," alisema Ajwang. "Mwaka wa mimba ya Nestory. Ya rafiki yako Chenge."

"Chenge ni nani?"

"Wa Shinyanga. Mliyekuwa naye vitani."

"Sikuwa na rafiki anayeitwa Chenge."

Uani maji yalikuwa yanadondoka kutoka bombani. Ajwang hakumgeukia binti yake. Alikaa akilikunja pindo la kanga na kulikunjua, na Adongo, aliyeijua kila ishara ya mikono ile, aliona kwamba mama ameshaelewa sehemu kubwa na anatafuta mlango wa kumtolea mtoto wake.

"Ni mama yako, Odoyo," alisema mama. "Yule mzee na habari zake za kaburi. Hakutaka upite lango. Alimtisha huyu, akamwandikisha. Mtoto angefanya nini mbele ya bibi yake?" Sasa akageuka. Jicho moja, jekundu, lilimkazia Adongo. "Si ndivyo? Bibi yako alikuandikisha."

Hata kusema hakukuhitajika. Kichwa kingeinama kidogo tu na mambo yangekwisha. Uongo wake mwenyewe, alioupika siku tatu, mama alikuwa amemwekea mezani tayari, umepoa, na kijiko juu. Odoyo naye alikuwa anangoja, na usoni mwake Adongo aliona kabisa kwamba angefurahi iwe hivyo.

"Hapana," alisema Adongo. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Hapana. Bibi alikufa bila kujua. Barua niliifungua mwenyewe. Chenge nilimtunga mimi. Mama alinitamkia shukrani, nikaandika usije. Niliandika mwenyewe, na sahihi yake niliiweka mwenyewe."

Alilia sasa, bila kujizuia, kamasi na machozi, mwalimu wa watu. Alijaribu kueleza habari ya yago, na tumbo la mama, na mtoto wa siku tisa, lakini maelezo yote yalitoka yamekatika vipande vipande.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" aliuliza Odoyo.

"Kumi."

"Kumi," alisema. Aliitazama ile karatasi muda mrefu, ule mwandiko mkubwa uliopanda mistari. Kisha akaikunja, akairudisha kwenye mfuko. "Mwanamke huyu nimemchukia miaka kumi na tano, mwanangu. Nilikuwa nikimchukia hata nikila. Sijui nitakipeleka wapi kitu chote hicho."

Adongo alitamani baba ampige. Ingekuwa nafuu.

"Nenda kanunue soda," alisema mama.

"Mama, ninaomba…"

"Nenda. Kaa huko kidogo. Tuna maneno yetu na hayahitaji mkalimani."

Alienda. Alisimama dukani na chupa tatu za soda mpaka zikapata joto. Aliporudi kigoda kilikuwa kitupu, na mama alikuwa amesimama mlangoni akishika mwimo. Odoyo alikuwa ameondoka kurudi Mkuyuni. Walisemezana nini, Adongo hakuambiwa siku ile wala baadaye.

"Barua yake," alisema mama. "Ile ya kwanza. Ilisemaje? Yote, kama unaikumbuka."

Aliikumbuka yote. Aliisema akiwa amesimama, chupa mikononi, kama mtoto anayesema shairi mbele ya darasa: niko hai, hospitali, mguu, jeshi, niambie nije lini. Mama aliisikiliza akiwa amefumba jicho. Ilipofika mwisho aliomba irudiwe sehemu ya mwisho, naye akairudia.

"Uliogopa Nestory atakufa."

"Ndiyo, Mama. Niliogopa na wewe utakufa."

"Ningeweza kuogopa mwenyewe," alisema Ajwang. Hakuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu anayetafuta kitu gizani kwa mikono. "Labda ningemwambia aje. Labda ningemwambia asije, maneno yale yale yako. Nimekaa hapa tangu umeondoka nikijiuliza ningejibu nini, na sijui. Yule mwanamke wa wakati ule simjui tena. Ni wewe tu uliyekuwa naye siku ile, na hukumwuliza."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Wewe ni mwanangu, nitakwenda wapi? Lakini si leo."

Aliinama, akaokota fimbo. Alisema ni lazima Okomo apate habari hizi kabla maneno ya wavuvi hayajamfikia. Kuna lori la dagaa linarudi Mara Jumatatu na dereva atabeba barua. Adongo aliweka chupa chini haraka, akavuta mkoba wake wa shule, akatoa kalamu na karatasi. Mama alipita mbele yake. Alishuka ngazi moja ya baraza kwa kupapasa, akavuka ua akifuata kamba ya nguo kwa mkono, akabisha mlango wa Dorotea.

Ukuta kati ya vyumba vile ulikuwa wa tofali moja. Adongo aliisikia cherehani ikinyamaza. Akamsikia Dorotea akicheka kwamba yeye kusoma kwenyewe ni kwa kuokoteza, mwalimu mzima yuko hapo jirani. Akamsikia mama yake akisema kwa Kiswahili, taratibu, "Mimi nasema, wewe andika hivyo hivyo nasema."

Ndugu yangu Okomo, alisema mama. Mimi ni msima. Jicho ni sima. Halafu akakwama. Alikuwa amefika kwenye Odoyo, na jambo alilotaka kulisema juu ya Odoyo lilikuwa la Kijaluo, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na hospitali tu. Alianza, akaacha, akaanza upande mwingine. Dorotea alimpa neno moja, akalikataa. Akampa la pili, akalikataa.

Adongo alikuwa amekaa kwenye mkeka, kalamu mkononi. Alilijua neno lenyewe. Hakuna aliyemwuliza.